Chenji Apewe Nani? Walezi na Nafasi ya Watu Wenye Ulemavu wa Akili Katika Jamii

Hotuba iliyotolewa Kisumu mbele ya walezi, wazazi, walimu na maafisa wa utawala

Mheshimiwa mwenyekiti, wazazi wetu, walezi wenzangu, machifu na manaibu wenu, maafisa wa maendeleo ya jamii, na ninyi mnaoishi na ulemavu wa akili mlioketi safu ya mbele, nawasalimu nyote. Oyawore, na kwa waliotoka Vihiga na Kakamega, mulembe.

Nimeitaja safu ya mbele kwa makusudi. Nilipoingia ukumbini asubuhi nilikuta viti vyenu vimepangwa nyuma kabisa, karibu na mlango, na aliyevipanga ni mlezi mwenzetu mwema ambaye aliniambia kwamba alifanya hivyo ili mmoja wenu akichoka aweze kutolewa bila kuvuruga kikao. Nia yake ilikuwa safi, na hata alipovihamisha alivihamisha kwa tabasamu. Naomba tuanzie kwenye kiti hicho kilichowekwa karibu na mlango kwa nia safi, kwa kuwa katika miaka 23 ya kazi hii nimewaona watu wachache waliozuiliwa kuingia katika jamii kwa ukatili wa walezi wao, na wengi mno waliozuiliwa kwa wema wao.

Neno mlezi nalitumia kwa upana wake wa hapa kwetu. Kuna mama wa bweni anayelipwa mshahara, kuna msaidizi wa mwalimu katika kitengo maalumu cha shule ya msingi, kuna dada wa kazi aliyeajiriwa kupika na kufua kisha akajikuta ndiye anayeshinda mchana kutwa na kijana wa nyumba hiyo, na kuna nyanya kule Seme au Emuhaya aliyeachiwa mjukuu wakati wazazi wanatafuta riziki Nairobi. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu wenye ulemavu kuwa asilimia 2.2 ya Wakenya wa umri wa miaka 5 na zaidi, na miongoni mwao zaidi ya 200,000 walielezwa kuwa na ugumu wa kukumbuka au kumakinika. Sisi tunaozunguka nyumba kwa nyumba tunaiona hesabu hiyo kuwa ndogo, maana mzazi aliyezoea kumficha mtoto chumba cha ndani hamtoi sebuleni kwa sababu tu karani wa sensa amebisha hodi. Lakini wawe wangapi, karibu wote wana jambo moja linalofanana: baina yao na mji wamesimama watu kama sisi, na mji huwaona kwa kadiri tunavyosogea kando.

Mwaka wangu wa tatu kazini nilimpeleka sokoni Kibuye mwanamume wa miaka 31 aliyekuwa akiishi katika makao tuliyoyahudumia. Ilikuwa Jumapili, siku ambayo Kibuye hufurika hadi barabarani. Mama wa nyanya alikuwa ameketi kwenye kigoda chini ya mwavuli uliochanika, mafungu yake ameyapanga juu ya gunia. Yule bwana alilinyooshea kidole fungu alilolitaka. Mama akainua macho, yakampita, yakatua kwangu. "Anataka la hamsini?" Nikamjibu kwamba ndiyo, na aongeze dania. Bwana alikuwa ameishika noti ya mia kwenye ngumi, ameikunja mara nne; nikamfungua vidole taratibu, nikaitoa, nikailipa. Chenji ya shilingi 40 ikawekwa kwenye kiganja changu. Tuliporudi niliandika kwenye daftari la zamu kwamba ametoka, amefika sokoni, hakuna tatizo. Nikiisoma leo sentensi ile naona haya, kwa kuwa aliyefika sokoni siku ile ni mimi, na yeye alinisindikiza.

Tatizo hili limewakuta wengine kabla yetu, tena katika nchi zenye fedha kuliko yetu, na ninataka tuyajue waliyoyaona ili tusiyarudie kwa gharama yetu. Denmark ilipitisha sheria mwaka 1959 iliyokusudia watu wenye ulemavu wa akili waishi maisha yaliyo karibu na ya kawaida kadiri iwezekanavyo. Miaka 10 baadaye, Msweden Bengt Nirje aliieleza fikra hiyo kwa namna ambayo hata nyanya wa Emuhaya angeielewa mara moja: mtu awe na mwendo wa siku kama wa wengine, aamke na avae, awe na mahali pa kwenda kazini na mahali pengine pa kurudi, awe na wiki yenye mwisho wa wiki na mwaka wenye sikukuu. Kuanzia mwaka 1972 Wolf Wolfensberger akaieneza zaidi huko Amerika Kaskazini. Majumba makubwa, yaliyokuwa yakiwalaza watu kwa mamia na hata maelfu, yakaanza kufungwa moja baada ya jingine. Willowbrook ya New York ilifungwa mwaka 1987 baada ya kashfa iliyolitikisa taifa zima la Marekani. Kew Cottages ya Melbourne, nchini Australia, iliyokuwa imefunguliwa mwaka 1887, ilifungwa mwaka 2008, baada ya zaidi ya karne moja ya watu kuzaliwa nje na kuzeekea ndani.

Wakazi wa majumba hayo walihamishiwa nyumba ndogondogo kwenye mitaa ya kawaida, nyumba zenye bustani na sanduku la barua, na majirani upande huu na upande ule. Ingetazamiwa kwamba sasa wamo ndani ya jamii. Waliokwenda kutazama walikuta kwamba wapo mjini, lakini mji hauwajui. John O'Brien, Mmarekani aliyeifikiria sana huduma hii, alitenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya kila siku: kuonekana mahali pa watu, na kushiriki katika maisha ya watu wa mahali hapo. Mtu anaweza kupelekwa dukani kila juma kwa miaka 10 na muuza duka asijue jina lake. Ukuta wa matofali ulibomolewa, na ukuta mwingine ukapanda gari pamoja na wahudumu na kuhamia nao mtaa mpya.

Watafiti wawili wa Australia, Christine Bigby na Ilan Wiesel, waliingia katika jambo hili kwa njia ninayoiheshimu sana, kwani walikwenda kutazama kwa macho yao. Walifuatana na watu wenye ulemavu wa akili na wahudumu wao kwenye maeneo ya kawaida ya umma, wakaangalia nini hasa hutokea mtu huyo anapokutana na mtu asiyemjua: salamu fupi, mzaha kwenye foleni, mtu kumpisha mwenzake njia. Wakaona kwamba mara nyingi ni mhudumu anayeamua hatima ya dakika hiyo. Anaweza kuianzisha kwa neno moja la kuwaunganisha wawili hao, anaweza kuisaidia iendelee, na anaweza kuikata. Kuikata hakuhitaji ubaya wowote. Inatosha kujibu kwa niaba yake, kusimama katikati, au kumvuta mkono kwa sababu gari linasubiri. Nilipoyasoma hayo nilirudi Kibuye moyoni, nikajiona nimemfungua mtu vidole.

Na kabla mtu hajaniambia kwamba dawa yake ni kuongeza wafanyakazi, niseme kwamba huko Uingereza watafiti Jim Mansell na Julie Beadle-Brown walifanya kazi ya miaka mingi kuhusu nyumba za namna hii, na matokeo yake hayatubembelezi. Kuongeza idadi ya wahudumu peke yake hakumfanyi mkazi ashiriki zaidi katika maisha yake. Wakiongezeka, mara nyingine huzungumza wao kwa wao. Kuna nyumba ambazo wahudumu hupika, hufua, hupiga deki na kupanga vitu vyote, huku wenye nyumba wameketi kama wageni wa hoteli, wakisubiri chakula kiletwe. Kinacholeta tofauti ni namna ya kusaidia, yaani kuivunja kazi vipande vidogo na kumwachia mtu kipande anachokiweza, hata kiwe ni kuwasha bomba tu; na ni msimamizi anayesimama pale pale kazi inapofanyika akamwonyesha mhudumu, badala ya kukaa ofisini akisaini karatasi.

Hilo la msimamizi nalithibitisha kwa maisha yangu. Mwaka uliofuata tulipata msimamizi mpya, mzee mkimya wa upande wa Maseno, ambaye hakutuitia semina hata moja. Alinifuata sokoni. Tulipofika hatua kama 10 kutoka kwa mama wa nyanya alinigusa bega, akanionyesha magunia ya maharagwe upande wa pili, akasema, "Wewe kaangalie rosekoko." Nikasimama pale, mkono ndani ya gorogoro, lile kopo la kupimia, nikajifanya ninayachambua. Bwana akatangulia peke yake. Mama wa nyanya akanitafuta kwa macho juu ya vichwa vya watu. Nikainama na kuuliza bei ya maharagwe ya njano. Sekunde zile zilinichosha kuliko zamu nzima ya usiku. Mwishowe nikamsikia bwana akisema, "Nyanya." Mama akamuuliza za ngapi. Akamwonyesha vidole vitano. "Za tano hakuna siku hizi, baba," mama akasema, na wenye vibanda vya jirani wakaangua kicheko, na bwana naye akacheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ndani ya makao. Akachukua na dania. Ngumi ikafunguka yenyewe. Sarafu mbili za shilingi 20 zikawekwa kwenye kiganja chake, na njia nzima ya kurudi alikuwa akinionyesha, kana kwamba mimi sikuwahi kuziona sarafu.

Juma la nne mama yule alimuuliza, bila kunitazama, "Leo dania huchukui?"

Walezi wenzangu, tusidanganyane kwamba kusimama kwenye maharagwe ni rahisi. Makao niliyoanzia kazi yalikuwa na kanuni kwamba mtu hatoki bila wahudumu wawili na sahihi ya msimamizi, na kwa kuwa wahudumu wawili walikuwa nadra kupatikana, kanuni hiyo kwa kweli ilimaanisha kwamba mtu hatoki. Siku moja ya soko kijana mmoja aliponyoka, akawa hajulikani alipo kwa saa nne. Tulimkuta Kondele kwenye benchi la kinyozi, anakula mandazi aliyonunuliwa na mtu asiyemjua, hana hata mkwaruzo. Kesho yake mhudumu aliyekuwa naye alipewa barua ya onyo, lango likatiwa kufuli jipya, na kijana yule hakutoka tena kwa mwaka mmoja na miezi saba, isipokuwa kupelekwa hospitali. Kila mhudumu alijua swali ambalo angeulizwa: ukimpoteza utasema nini? Sikuwahi kusikia mtu akiulizwa atasema nini kwa kumfungia. Nami huwa namkumbuka zaidi yule mwenye mandazi. Hakuna aliyekwenda kumtafuta, walau kumshukuru. Saa zile nne kijana alikuwa amepata mwenyeji mjini, na sisi tukamwandika kuwa amepotea.

Hofu hiyo ina sababu zake, na sitaki mtu aondoke hapa akidhani ninahubiri uzembe. Wapo wanaowapunja watu wetu chenji, wapo wanaowatuma kubeba mizigo ya siku nzima kwa soda moja, na wapo wanaowadhulumu wasichana wetu kwa namna ambazo polisi hapa wanazijua kuliko mimi. Kukaa nyuma ni kazi ya macho: mlezi aliye kwenye maharagwe anaona kila kitu, ila haonekani kuwa ndiye mwenye mtu. Vilevile baadhi ya watu wetu wana kifafa, na mlezi husema, akianguka huko sokoni je? Jibu tulilolipata sisi lilikuwa kuwafundisha watu wa soko. Tulikwenda alasiri moja wakati wateja wamepungua, tukakaa na akina mama watatu na vijana wa steji ya bodaboda. Tukawaonyesha kumlaza mtu ubavu, kumwekea kitu laini chini ya kichwa, kuondoa vitu vyenye ncha karibu naye, kutotia kijiko wala kidole mdomoni, na kutazama saa, ili kikipita dakika tano akimbizwe hospitali. Kijana mmoja wa bodaboda alishangaa sana kuambiwa kwamba povu haliambukizi. Maisha yake yote alikuwa akilikimbia. Miezi kadhaa baadaye mtu wetu alianguka kweli, na nilipofika nilikuta amelazwa ubavu, leso ya mtu iko chini ya kichwa chake, na kijana yule amechuchumaa kando akitazama simu yake. Nilidhani anapiga picha. Alikuwa anahesabu dakika.

Jambo jingine ni lugha, na sijaliona likizungumzwa popote. Katika makao yetu wahudumu tulitoka sehemu mbalimbali, kwa hiyo tuliwasemesha wakazi kwa Kiswahili chepesi na maneno machache ya Kiingereza kama tulivyofundishwa. Hilo lilikuwa sawa mpaka mmoja wao, aliyeingia makaoni akiwa mtoto mdogo, alipokwenda kwa mara ya kwanza na mhudumu kwenye soko la Ahero. Kila aliyekutana naye alimsalimu kwa Dholuo, na kila mmoja aliona mtu aliyenyamaza, akahitimisha kwamba hasikii au hafahamu kitu. Alikuwa Mluo aliyelelewa kilomita chache kutoka Ahero na hatukumpa salamu ya kwao. Ilichukua muda wa wiki mbili tu kumfundisha kuitikia "oyawore ahinya." Tulikuwa tumehesabu ukimya wake kuwa sehemu ya ulemavu wake, na tuliandika hivyo kwenye faili.

Kuhusu matembezi ya makundi nitasema kwa ufupi, kwa sababu mnajua tayari nitakalosema. Watu wanane waliovaa sweta za rangi moja, wakishuka kwenye basi lililoandikwa ubavuni jina la makao, wakifululizwa kanisani hadi benchi la nyuma, hawawezi kuzoeana na mtu yeyote. Waumini huona ugeni wa pamoja, hutoa sadaka, hupiga makofi na kuwaaga. Mpeleke mmoja, kanisa lile lile kila juma, aketi karibu na mzee yule yule. Kwa gharama ya mafuta ya basi hilo mnaweza kuwalipia nauli ya matatu watu wengi mmoja mmoja. Na mkiwa kwenye matatu, makanga akikuuliza wewe mlezi, "Huyu wako unamlipia?", mgeukie mwenyewe umwache ajibu. Makanga atakuwa na haraka, na abiria watasonya. Wanasonya pia kwa mwenye kuku.

Mheshimiwa mwenyekiti, sheria tunazo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, na Kenya ikauridhia mwaka 2008. Kifungu chake cha 19 kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuishi ndani ya jamii, kuchagua mahali pa kuishi na wa kuishi naye, na kupata msaada unaomzuia kutengwa. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika ibara ya 54, inampa haki ya kutendewa kwa heshima na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha, kwa hiyo mwenye kumwita mwenzake zuzu au taahira hadharani anapingana na Katiba, hata akisema anatania. Sheria ya mwaka 2003 imekwisha kubadilishwa na Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2025. Kwa watoto tuna mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi wa mwaka 2022 hadi 2032, unaotaka watoto watoke kwenye makao warudi kwenye familia, nanyi mnaofanya kazi hiyo mnajua ni watoto gani hubaki wa mwisho langoni wenzao wakishaondoka. Ninazishukuru sheria hizi zote. Ila hakuna mbunge atakayekuja Kibuye kunishika bega na kunipeleka kwenye maharagwe. Sehemu hiyo ya kifungu cha 19 inatekelezwa na mtu anayelipwa mshahara mdogo kuliko wote katika makao.

Na huyo tunamtendeaje? Kazi yake huitwa kazi ya kuosha. Huajiriwa kwa kuulizwa kama ana nguvu na kama ana uvumilivu, na hakuna anayemuuliza kama anajulikana mtaani, anaimba kwaya gani, au anadaiwa na duka gani. Hayo ndiyo ningeyauliza mimi. Mlezi ambaye ni mgeni kwenye mtaa hana mtu wa kumtambulisha kwa mwingine. Mwenzangu mmoja wa Nyalenda alimchukua mwanamke mmoja mwenye ulemavu wa akili aliyekuwa akimhudumia, akampeleka kwenye chama chake mwenyewe cha akina mama. Wenzake waliguna kidogo. Kisha mmoja wao akapendekeza apewe daftari la michango, na wakambandikia humo picha ndogo ya kila mwanachama, ili anayetoa shilingi zake 50 awekewe alama mbele ya uso wake. Alikosea mara mbili mwanzoni, wakamsahihisha kama wanavyosahihishana wao kwa wao, yaani kwa kelele. Ninafahamu kwamba katika nchi nyingine mhudumu hukatazwa kuchanganya kazi na maisha yake binafsi, na nazielewa sababu zake, kwani mtu anaweza kugeuzwa kijakazi wa mhudumu wake. Kwetu hapa, ambako hata kazi ya kibarua hupatikana kwa kumjua mtu anayemjua mtu, kuufunga mlango huo kabisa ni kumnyima mtu wetu njia ambayo sisi wenyewe tuliipitia. Ningependa msimamizi aujue urafiki huo, auulize, autembelee, asiukataze.

Kwa wasimamizi nina ombi moja, na ni dogo. Yafungueni madaftari ya zamu ya mwezi uliopita mkayasome. Mtakuta kwamba amekula vizuri, amelala vizuri, ameoga, amekunywa dawa, hakuna tatizo. Ukurasa baada ya ukurasa, kwa miandiko tofauti, sentensi zile zile. Mhudumu huandika kile anachojua kitaulizwa. Ongezeni mstari mmoja kila siku wa kuandika ni nani nje ya makao aliyezungumza naye leo, na walizungumza nini. Siku za kwanza mstari utabaki mtupu, na msimwadhibu mtu kwa sababu hiyo, maana mkifanya hivyo watautunga. Nendeni naye kesho yake.

Nanyi wazazi na akina nyanya, ambao hamna daftari wala msimamizi, sina la kuwafundisha kuhusu upendo. Nawaomba tu mhesabu kimoyomoyo hadi 10 kabla ya kumjibia mtoto wenu mgeni anapomuuliza jina. Najua aibu inavyowaka kwenye ile tano, na najua macho ya mgeni yanavyohangaika. Wengi wao hujibu kwenye saba au nane.

Namalizia kwa kurudi kwa yule bwana wa Kibuye. Ilikuwa mwaka wa tano wa safari zetu za sokoni, msimu wa mvua za masika, malaria ikamlaza Jumapili mbili mfululizo. Jumatatu iliyofuata, mnamo saa nne asubuhi, bodaboda ilisimama langoni ikiwa na mfuko wa nyanya uliofungwa juu yake fungu la dania, na nyuma yake ameketi yule mama wa mwavuli uliochanika, ambaye alikuwa ameacha mali yake kwa jirani ili aje. Akamwambia mlinzi kwamba anamtafuta Baba Dania. Mlinzi akatazama orodha yake ya majina, akamjibu kwamba hapa hatuna mtu wa jina hilo. Mama akasisitiza, mlinzi naye akashikilia orodha yake, na sauti zikapanda. Mimi nilikuwa jikoni. Nilitoka nikifuta mikono, na jina hilo sikuwa nimelisikia hata mara moja, ingawa nilikuwa nimesimama hatua 10 kutoka pale kila Jumapili kwa miaka yote hiyo. Mlango wa bweni ukafunguliwa. Bwana akatoka na shuka mabegani, anatembea kwa kushika ukuta, akafika langoni, akamwambia mlinzi, "Ni mimi."

Ahsanteni.